Hakimu Asiyeona Kiuno

Mtu atakayezunguka vibanda vya gemu vya Kitengela akiutafuta ule mchezo wa kudansi mbele ya runinga, unaompa mchezaji alama kwa jinsi anavyoutikisa mwili wake, atachosha miguu yake bure, maana katika vibanda hivyo vya mabati na mbao, vilivyopangana nyuma ya steji za matatu na katika vichochoro vya mitaa ya kupanga, enzi yote ni ya mpira. Vijana hubanana mabega juu ya benchi, kila mwenye zamu na pedi yake mkononi, macho hayabanduki kwenye kioo. Anayefungwa hulipia mechi, na anayefunga hubaki kitini akimngoja mwingine wa kumtoa jasho. Mwenye kibanda ni mfanyabiashara, na hesabu yake haina tashwishi: pale anaposimama mchezaji mmoja wa kudansi, anayehitaji hatua mbili tatu za kurushia mikono pasi na kumzaba jirani kofi, wangekaa wateja sita wa mpira. Fauka ya hayo, kijana wa miaka kumi na saba akishindwa mpira amepoteza mabao tu, lakini akishindwa kudansi mbele ya wenziwe amepoteza haiba, na haiba hairudishwi kwa mechi ya marudiano.

Makao ya mchezo huu ni sebule, na kwa sababu hiyo ni mchezo ambao wasichana, ambao hawaonekani sana katika vibanda, huushika kwa mikono miwili. Mchezo hujitokeza Jumamosi alasiri katika nyumba zilizo nyuma ya malango ya chuma, kutoka barabara ya Namanga kuelekea nyikani, siku mtoto anapotimiza mwaka na wazazi wake, badala ya kuwaacha wageni wadogo wakimbizane ngazini na kuwaghasi wapangaji wa chini, wakaona heri kuwakusanya mahali pamoja. Kochi husukumwa ukutani, stuli hupandishwa moja juu ya nyingine, zulia hukunjwa lisije likamtegua mtu kifundo, na keki ambayo bado haijakatwa huhamishiwa jikoni kwa salama yake. Mashine yenyewe aghalabu si mpya: imeletwa na mjomba aliyekuwa Dubai, au imenunuliwa mkono wa pili Nairobi, au imekodiwa kwa siku moja pamoja na ile ngome ya kujazwa upepo ambayo watoto huirukia hadi magharibi. Wimbo unapoanza, hutokea kwenye kioo mchezaji ambaye uso wake umefifizwa hata hajulikani ni nani wala ni wa taifa gani, mavazi yake yanawaka rangi, na mkono wake mmoja umevikwa glavu ya rangi isiyofanana na kitu kingine alichovaa. Yeye huigwa kama mtu aonavyo taswira yake: akiinua mkono ulio kulia mwa runinga, nao huinua wa kulia; na pembeni, chini, vijipicha hupita kwa safu vikiwatahadharisha hatua ijayo. Kila hatua hupata hukumu yake papo hapo, kuanzia alama ya mkasi kwa aliyekosa mpaka sifa ya ukamilifu kwa aliyepatia, na mwisho wa wimbo hesabu hujumlishwa, ambayo katika Just Dance, uliovuma kuliko michezo yote ya namna hii, haiwezi kuzidi 13,333.

Watu wazima walioketi kando hudhani kwamba runinga inawaona watoto. Katika mashine nyingi haiwaoni kabisa. Ndani ya rimoti anayoishika mchezaji mna kidude cha silikoni kisichofikia ukubwa wa ukucha, na ndani ya kidude hicho mna kipande kidogo mno kilichoshikiliwa na vijiti vyembamba vinavyopindika. Mkono ukienda kwa ghafla, kipande husalia nyuma kidogo, umeme ulio baina yake na vibati vya pembeni hubadilika, na badiliko hilo hupimwa kwa pande tatu, yaani juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Mashine huchukua mfululizo wa vipimo hivyo na kuulinganisha na ule uliotangulia kuandikwa na watunzi wa mchezo, na mkono unaokaribiana na kielelezo ndio unaotunukiwa. Hivyo hakimu huyu, anayetangaza hukumu zake kwa mbwembwe na vimulimuli, hajui lolote katika mwili wa mshindani ila habari za mkono mmoja. Siri hii haifichiki kwa muda mrefu. Bibi aliyekuja kutoka Loitokitok kwa ajili ya sherehe, akiwa ameegemea kochini na miguu yake imenyooka, hupewa rimoti kwa mzaha, akaupunga mkono wake kwa makini akiufuata ule wenye glavu, na wimbo unapokwisha akawa amempita mjukuu aliyelowa jasho kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Mjukuu hulalamika kwamba bibi hakucheza, na kwa insafu yote ana haki, ila hana mahakama ya kukatia rufani.

Ipo namna ya pili, ambayo kwa kweli huona. Mwezi wa Novemba 2010 Microsoft ilitoa Kinect, chombo kirefu cha kuwekwa chini ya runinga, nayo Harmonix, kampuni ya Massachusetts huko Marekani, ikakitungia mchezo ulioitwa Dance Central. Chombo hicho hutawanya chumbani maelfu ya nukta za mwanga usioonekana kwa jicho la binadamu, kisha kamera yake huzitazama nukta zilivyopotoka zilipoangukia mwili, ikatambua kutokana na upotovu huo kila sehemu iko mbali kiasi gani. Hatimaye huchora mifupa ya kubuni yenye viungo ishirini, mara thelathini katika kila sekunde. Hapa bibi wa kochini hana ujanja. Lakini chombo hiki kina masharti: chataka mtu asimame mbali kiasi cha mita mbili au zaidi, jambo linalotosha kuziondoa katika shindano nyumba zote za chumba kimoja, na zaidi ya hilo, jua la alasiri la Kitengela, linaloingia dirishani bila kuzuiwa na mti kwa kuwa uwanda ule hauna miti ya kulizuia, limejaa miale ya jinsi ileile ambayo chombo hutegemea, hata nukta zake zikazama ndani ya mwanga na mchezaji akakatika mguu au akapotea kiwiliwili chote kwenye kioo. Mwenye nyumba akishusha mapazia mazito, mambo hutengenea, na joto hupanda. Kinect iliuzwa milioni nane katika siku sitini za mwanzo, ikasifiwa dunia nzima, na mwaka 2017 Microsoft ikaacha kuitengeneza.

Kabla ya hapo palikuwa na miguu. Dance Dance Revolution, uliotolewa na Konami ya Japani mwaka 1998, ulimtaka mchezaji akanyage mishale minne sakafuni kwa mdundo, wala haukujali mikono inafanya nini. Mchezo huo ulipata heshima hata serikali ya jimbo la West Virginia ikatangaza mwaka 2006 kwamba utaingizwa katika shule zake zote za umma, 765 kwa idadi, kupambana na unene wa watoto. Mwaka 2006 Nintendo ikatoa Wii na rimoti yake ya kupungwa hewani, na furaha ya watu ikawa kubwa kiasi kwamba kamba za kuifungia mkononi zilikatika, rimoti zikaruka na kupasua runinga, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ilitangaza kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2. Just Dance wenyewe ulizaliwa Novemba 2009 katika karakana ya Ubisoft mjini Paris, nao ulikuwa umechipuka kutoka mchezo mdogo uliotiwa ndani ya gemu ya masungura wenda wazimu. Wachambuzi waliudharau, wakasema hauna kina; watu wakaununua kwa mamilioni. Wii ilikuwa imekwisha kustaafishwa zamani wakati Ubisoft ilipokuwa bado inaitolea toleo la mwaka 2020, na nadhani hakuna lililowafaa zaidi wanunuzi wa mitumba.

Sasa turudi kwa hakimu. Kama angeletwa pwani yetu akaketishwa mbele ya wanawake wanaocheza chakacha, ngoma ambayo elimu yake yote imo kiunoni, huku mikono ikiwa imetulia na uso hauna habari, hakimu wa rimoti angewapa wote sifuri bila ya kufumba jicho. Angeletwa hapa hapa katika kaunti ya Kajiado, mbele ya wanawake wa Kimaasai waliovaa zile shanga pana za shingoni, ambao hutikisa mabega kwa kipimo hata sahani ya shanga ikapanda na kushuka sambamba na wimbo, angetoa hukumu ileile. Na wale vijana wa Kimaasai wa Kaputiei wanaoruka, mwili umenyooka, mikono imeshikamana na mbavu, kisigino hakiruhusiwi kugusa ardhi baina ya mruko na mruko, na sauti za waimbaji zikipanda kadiri mrukaji anavyopanda? Rimoti ingetambua kwamba kuna kitu kimepanda na kushuka. Habari za kisigino isingekuwa nazo, wala isingesikia sauti za waimbaji, ambazo ndizo hukumu yenyewe. Silisemi hili kwa kuwalaumu wahandisi, kwani kila chombo hupima kile kilichoumbiwa. Nalisema kwa kuwa mtoto anayejifunza kucheza mbele ya chombo hujifunza pia, bila kuambiwa, kwamba ngoma ni mikono.

Na haidhuru kukumbusha kwamba kugeuza mruko kuwa tarakimu si jambo ambalo Kajiado ilingoja kuletewa na umeme. Tangu mwaka 2012, huko Kimana, chini ya Kilimanjaro, hufanyika Olimpiki za Wamaasai, ambazo mlezi wake ni David Rudisha, bingwa wa mita 800, na ambazo shirika la Big Life lilizianzisha pamoja na wazee wa jamii ili vijana wapate ushujaa mwingine badala ya kuua simba. Miongoni mwa mashindano yake ni kuruka: kamba hutandazwa juu, na kijana huruka kwa ule mtindo wa kimila akijaribu kuigusa kwa kichwa. Kamba hupandishwa mpaka abaki mmoja. Yaliyokuwa yakihukumiwa kwa koo za waimbaji sasa huhukumiwa kwa urefu wa kamba, na sijasikia kwamba mtu yeyote alilia kwa ajili ya badiliko hilo. Pengine kwa sababu kamba ile imeshikwa na watu wanaomjua mrukaji, na siku ya sherehe ya nyumbani anarudi katika duara ambako hakuna kamba.

Kitengela, hata hivyo, si Kimana. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huu watu 154,436, na ukiwauliza wazee waliokuwapo watakuambia kwamba hapa palikuwa malisho na njia ya nyumbu wanaotoka Mbuga ya Nairobi kwenda uwanda wa Kaputiei. Viwanda vya Athi River, hususan vile vya kuuza nje vilivyoanzishwa tangu 1990, vilivuta wafanyakazi. Kodi za Nairobi zikawasukuma wengine. Ardhi ikakatwa vipande vya kuweka nyumba moja na bustani isiyopo. Kwa hiyo katika jengo moja utamkuta Mkamba juu, Mluo chini, Mkikuyu mkabala, Mkisii nyuma, na Mmaasai mwenye ardhi yumo katika jengo la pili akipokea kodi kwa simu. Wanaondoka alfajiri kwa matatu na kurudi usiku, na wengi wanajuana kwa nambari za milango. Ngoma ya mmoja si ngoma ya mwingine. Ukipiga isukuti, ngoma ya Waluhya, nusu ya ua itacheza na nusu itatazama kwa adabu. Mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti, ulio kusini zaidi kwenye tawi la reli iendayo Magadi, haujafikwa na shida hii kwa kiasi hiki, maana pale bado kuna mnada wa mifugo na kuna watu wenye wimbo mmoja.

Ndipo ninapouona mchezo huu wa runinga kwa jicho ambalo wachambuzi wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kuwa nalo. Katika ua wa wageni, ngoma iliyotungwa Paris, ikachezwa na mtu asiye na uso, ina fadhila moja ambayo ngoma zetu hazina: hakuna aliyeirithi. Mkamba ataikosea sawasawa na Mmaasai. Hakuna mwenyeji wa kumcheka mgeni, kwa kuwa wote ni wageni mbele ya glavu ile.

Jambo hili pwani ilikwisha kulijua. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ilizuka ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa matarumbeta, magwaride na vyeo vya maofisa. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi vikishindana, na bara zikaenea Marini na Arinoti, zilizobebwa na askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza mpaka Tanganyika na Nyasaland. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeiandikia kitabu mwaka 1975 alionesha jinsi ngoma hiyo ilivyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali walioingia mijini. Upande wa wanawake palikuwa na lelemama, na mpaka leo wazee wa Mombasa huyataja majina ya Ibinaal Watan na Banu Saada, vyama viwili vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo hata mali ikateketea. Beni ilikuwa kitu cha kigeni, nayo ilipendwa mijini kwa ugeni wake. Ila wacheza beni hawakungoja Wazungu wawape alama. Walilichukua gwaride, wakalipinda, wakalitia maneno yao, na hukumu ilikuwa ya mtaa, uliopanga safu barabarani na kuamua ni upande upi umeng'ara. Kwa sababu hiyo beni iliweza kubadilika kila mwaka. Anayecheza na mashine hawezi kuibadilisha hatua, kwa sababu hatua nzuri kuliko iliyoandikwa huhesabiwa kuwa kosa, na hili, kwa maoni yangu, ni aibu kubwa zaidi ya mchezo wenyewe kuliko ile ya kutoona kiuno.

Na nyimbo je? Aghalabu ni za Marekani na Ulaya, ingawa toleo la Just Dance la 2022 lilitia Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, wimbo ambao uchezaji wake ulisambazwa mwaka 2020 na kundi la vijana wa Angola waliojirekodi wakicheza na sahani za chakula mkononi. Kenya nzima ilikwisha kuucheza wakati wa korona, katika hospitali na viwanja vya makanisa, kabla mashine haijaujua. Mwaka uleule Utawezana ya Femi One na Mejja iliwafanya watu wajirekodi kwa simu hadi jikoni. Ngoma ilikuwa inakwenda bila mashine.

Simu nayo inastahili neno moja. Tangu mwaka 2014, Ubisoft ilipotoa Just Dance Now, simu iliyo mfukoni iliweza kushika nafasi ya rimoti, kwa kuwa mna ndani yake kidude kilekile cha kupima mwendo. Fikra nzuri, isipokuwa hakuna mzazi wa Kitengela niliyemwona akimpa mtoto simu yake ya kulipia kodi akamwambia airushe hewani. Kwa hiyo katika nyumba zilizo nyingi, zisizo na Wii wala Kinect wala mjomba wa Dubai, wamepata suluhu ambayo hakuna kampuni iliyoikusudia: huifungua YouTube kwenye runinga au katika simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, wakaitafuta video ya mtu mwingine akicheza Just Dance, wakacheza pamoja naye bila rimoti na bila kamera. Alama hupanda kwenye kona ya kioo kama kawaida, nyota moja baada ya nyingine, lakini ni alama za mtu huyo, aliyecheza siku nyingine katika nchi nyingine, wala hazina habari na watoto walio mbele yake.

Basi hukumu hurudi kochini. Na kochi lina upendeleo, kama ilivyokuwa mitaa ya Mombasa: mama humpa ushindi wa kwake, shangazi humpa mpwa wake, jirani wa mlango wa nne, ambaye amekuja na soda tu na hajui hata jina la mwenye nyumba, hutoa rai isiyoombwa kwamba yule mdogo aliyebuni hatua zake mwenyewe ndiye aliyecheza, na mwanamke asiyethubutu kucheza harusini mbele ya wanaume hupata sitara ya kuta nne na kuonesha kwamba yale mabega bado yapo. Viuno huhesabiwa, mabega huhesabiwa, na anayekosea kwa namna ya kuchekesha hupata alama nyingi kuliko aliyepatia. Hukumu hupingwa, upande mmoja hudai wimbo urudiwe, mwingine hukataa kwa kuwa umekwisha kushinda. Na unaporudiwa, wanaosimama kushindana si watoto tena, ni mashangazi wa pande zote mbili, waliokwisha kuvua viatu.